Koili ya Vepu Iliyochoka: Kinachosafishika, Kisichosafishika, na Sababu Zake

Koili ya vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ikianza kutoa ladha mbaya, wengi huitupa na kununua nyingine. Wengine huisuuza kwa maji ya moto, huirudisha kwenye tangi ikiwa bado mbichi, kisha husema kuosha koili ni kujisumbua bure. Kuosha kunafaa, ila si kwa kila kilichomo ndani ya koili. Ndani mna vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja: waya unaopata moto, na pamba inayoufikishia juisi. Waya ni chuma, na chuma kikichafuka huoshwa mara nyingi tu. Pamba ikiungua imeungua. Hakuna spiriti, siki wala maji ya kuchemka yatakayoirudisha. Kwa hiyo kabla ya kushika brashi, jua kwanza kipi kati ya hivyo viwili kimekufa.

Ukoko unatoka wapi

Juisi ya vepu ni mchanganyiko wa propilini glikoli, glisirini, flava, na mara nyingi nikotini. Propilini glikoli huchemka kwenye nyuzi joto 188, glisirini kwenye 290. Zote mbili zikifika hapo hugeuka mvuke na kuondoka. Tatizo ni kile kisichojua kuwa mvuke. Mkosaji mkubwa ni sukralosi, ile sukari bandia inayotiwa ili juisi iwe tamu mdomoni. Sukralosi huanza kuvunjika kwenye nyuzi 120 hivi, kabla hata propilini glikoli haijachemka. Haipandi na mvuke. Hubaki kwenye waya, ikawa kahawia, kisha nyeusi, kisha ikashika kama ukoko wa wali chini ya sufuria.

Ukoko ukishaanza, hujiongeza wenyewe. Tabaka lile huzuia moto wa waya usiifikie juisi kwa haraka, kwa hiyo waya hupanda joto zaidi chini ya tabaka, na joto hilo hugandisha ukoko mwingine juu yake. Ndiyo maana koili huweza kuwa nzuri kwa siku kadhaa, halafu ikaharibika ghafla ndani ya jioni moja. Flava nzito za kastadi, keki, kahawa na chokoleti huharakisha mambo hata pale ambapo sukralosi ni kidogo. Juisi angavu isiyotiwa utamu inaweza kuiacha koili ileile ikifanya kazi kwa wiki mbili au tatu, mahali ambapo juisi tamu ingeimaliza kwa siku nne. Anayetafuta dawa ya koili kuchoka mapema aanzie kwenye chupa ya juisi, si kwenye chombo cha kuoshea.

Pamba nayo hufa kwa njia yake. Ikiwa imelowa, juisi inayochemka huushikilia waya usipande joto kupita kiasi. Ikikauka, hata kwa mvuto mmoja, kizuizi hicho kinaondoka na waya unaruka juu kwa sekunde. Pamba kavu huanza kubadilika rangi joto likipita nyuzi 200 kidogo. Hapo ndipo unapopata ule ukali unaokwaruza koo. Ukali huo unastahili kuheshimiwa: glisirini inayochomwa bila kuchemka vizuri hutoa akrolini na fomaldehaidi, ambazo ni sumu, na koo linakataa kwa sababu za msingi. Usivumilie ukidhani utapita.

Kutambua kilichokufa

Ladha inayofifia polepole kwa siku kadhaa, ikageuka kuwa ya sukari iliyoungua, huku juisi ndani ya tangi ikizidi kuwa nyeusi, ni ukoko kwenye waya. Hiyo inaosheka. Ladha ya kitambaa kilichoungua iliyokuja ghafla na haiondoki hata baada ya kuiacha koili ilowe kwa nusu saa, ni pamba. Hiyo haiosheki. Fungua tangi, elekeza tundu la juu la koili kwenye mwanga na uchungulie: pamba ya rangi ya chai ni uchafu wa juisi tu, lakini ukiona doa jeusi pale pamba inapogusa waya, umeshapata jibu.

Kuna malalamiko mawili ambayo watu huyabebesha koili bila kosa lake. La kwanza ni kuvuja na kulia kama maji yanayochemka. Mara nyingi hapo koili imefurika juisi, au mpira wa kuzibia umechakaa. La pili ni kifaa kuandika kwamba hakioni koili. Futa kwanza kile kichwa cha katikati kinachogusana na betri kwa pamba ya masikioni iliyoloweshwa spiriti kidogo. Juisi iliyoganda pale inatosha kukata umeme.

Vichwa vya koili vya kiwandani

Hivi ni vile vipande vidogo vya chuma vinavyofungwa chini ya tangi, pamba ikiwa imeshindiliwa ndani tangu kiwandani. Havikutengenezwa ili vifunguliwe, na hilo ndilo linaloweka mpaka wa kuosha: unaweza kuyeyusha utamu na juisi iliyokwama, lakini huwezi kuufikia waya ukausugua. Matarajio ya haki ni kuongeza siku moja hadi chache. Anayekuahidi koili kama mpya anakudanganya.

Toa kichwa cha koili, kiweke juu ya karatasi ya tishu hadi juisi iliyobaki ichuruzike. Kipitishie maji ya bomba ya vuguvugu kutoka juu kwenda chini mpaka yatoke bila rangi. Kisha kilowe kwenye alkoholi safi kwa saa moja hadi mbili, ukikitikisa mara kwa mara. Alkoholi inayofaa ni ethanoli isiyo na rangi wala sukari, na kadiri ilivyo kali ndivyo inavyofanya kazi. Konyagi na vodka zina alkoholi ya asilimia 35 hadi 40 tu, yaani sehemu kubwa ni maji. Zinasaidia, ila taratibu. Spiriti ya kuwashia majiko au kusafishia rangi usiiguse kabisa. Ina methanoli na vitu vichungu vilivyotiwa makusudi ili isinyweke, na vitu hivyo vitabaki ndani ya pamba utakayoivuta. Siki na maji ya limau, ambavyo watu husifu sana, huondoa chokaa ya maji kwenye birika. Ukoko wa sukari iliyoungua ni kaboni, na asidi dhaifu haiufanyi lolote la maana.

Baada ya alkoholi, suuza kwa maji ya moto mara tatu, puliza kwa nguvu kutoka upande mmoja, kisha uache kichwa cha koili kikauke kwenye hewa kwa saa 24 hadi 48. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kila kitu. Nje kinaonekana kikavu ndani ya saa mbili, lakini pamba ya katikati bado imeshika maji, na pamba iliyojaa maji hainyonyi juisi. Ukibonyeza kitufe, maji huchemka na kurusha matone ya moto mdomoni, kisha pamba hubaki tupu na kuungua. Usikaushe kwa oveni wala kwa kubonyeza kitufe cha kifaa. Kiweke mbele ya feni, kisha ukisahau hapo.

Kikishakauka, dondoshea matone manne au matano kwenye matundu ya pamba, jaza tangi, subiri dakika 15, na uanze kwenye wati za chini kabisa zilizoandikwa ubavuni mwa koili. Mivuto mitano ya kwanza iwe mifupi.

Koili za kauri zina vinyweleo badala ya nyuzi za pamba. Zinavumilia alkoholi vizuri lakini usizichome kavu, yaani kuziwasha bila juisi: hupasuka. Podi, vile vitangi vidogo vya kuchomeka, ambazo koili yake imejengewa ndani hazilipi kazi ya kuoshwa, kwa sababu maji hukwama karibu na nyuso za umeme. Vepu za kutupwa usizifungue kabisa: ndani mna betri ya lithiamu, mara nyingi isiyo na ganda gumu. Ubelgiji ilipiga marufuku uuzaji wa vepu hizo tarehe 1 Januari 2025 na Uingereza ikafuata tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Sheria ya Uingereza inasema kifaa hakihesabiki kuwa cha kutumika tena mpaka betri yake iweze kuchajiwa, tangi liweze kujazwa, na koili, kama ipo ya kubadilika, iweze kununuliwa peke yake. Anayesoma haya akiwa Uganda akumbuke kwamba Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015 ilipiga marufuku kuingiza na kuuza vifaa hivi vyote.

Waya unaofungwa kwa mkono

Hizi ni koili ambazo mtumiaji husokota waya na kutia pamba mwenyewe. Hapa ndipo kuosha kunapolipa kikamilifu, kwa kuwa unaitupa pamba na kubaki na chuma kitupu. Lakini kabla ya kuwasha chochote, jua waya wako ni wa nini.

Kanthal ni aloi ya chuma, kromi ya asilimia 22 hivi na aluminiamu karibu 6; kampuni iliyoipa jina ilianzishwa Hallstahammar, Uswidi, mwaka 1931, na waya wake uko kwenye matanuri na vikaushia mikate dunia nzima. Ukipata moto huota ngozi nyembamba ya oksidi ya aluminiamu inayoukinga. Nikromu, aloi ya nikeli na kromi iliyosajiliwa Marekani na Albert Marsh mwaka 1906, nayo huota ngozi ya oksidi ya kromi; mwenye mzio wa nikeli aiepuke. Hizi mbili zinavumilia kuchomwa kavu kwa kiasi. Chuma cha pua cha aina ya 316L kinavumilia kidogo, kwa moto wa chini na kwa muda mfupi. Nikeli tupu na titani hazichomwi kavu kamwe. Titani ikizidiwa joto hutoa unga mweupe wa oksidi na inaweza hata kushika moto. Nyaya hizo mbili huoshwa kwa alkoholi na brashi tu. Usipojua waya ni wa aina gani, uhesabu kuwa ni titani.

Anza kwa kukata mkia mmoja wa pamba karibu kabisa na koili, kisha vuta mkia wa pili kwa kibano, taratibu, ukifuata mhimili wa koili. Ukivuta kwa pembe, unaipinda. Ondoa tangi na kifuniko na kila mpira unaoweza kutoka. Suuza sehemu ya koili, yaani kitako kinachoshika waya, uiache ikauke, uifunge kwenye kifaa chenye udhibiti wa wati. Kwa waya mmoja wa kawaida weka wati 10 hadi 15. Kwa nyaya zilizosokotwa 20 hadi 25. Kaa karibu na dirisha, maana moshi utakaotoka ni wa sukari na flava zinazoungua na hautakiwi kuingia kifuani.

Bonyeza sekunde moja hadi mbili, achia, subiri, bonyeza tena. Punguza mwanga wa chumba uone vizuri. Unachotafuta ni wekundu hafifu, ule unaoonekana gizani tu. Hapo waya uko kati ya nyuzi 600 na 700, na kaboni inaungua hewani bila shida. Ukifika rangi ya chungwa umekaribia nyuzi 1000 na huna unachopata zaidi, ila unaila ile ngozi ya oksidi inayoulinda waya, na unachemsha plastiki ngumu inayotenga nguzo mbili za umeme chini yake. Plastiki hiyo, ambayo kwenye vifaa vingi ni ya aina ya PEEK, huyeyuka kwenye nyuzi 343. Mibonyezo mifupi inailinda. Kushikilia kitufe kwa sekunde kumi kunaiua.

Baada ya mibonyezo mitano au sita, ukoko unabadilika kutoka mweusi unaong'aa kuwa jivu la kijivu. Acha waya upoe kabisa, fungua sehemu ya koili kutoka kwenye kifaa, sugua kwa brashi laini ukifuata mizunguko ya waya badala ya kuikata, kisha suuza kwa maji. Kuna wanaotumbukiza koili ikiwa bado nyekundu ili jivu lipasuke. Jivu linapasuka kweli, lakini mshtuko huo hulegeza mizunguko na kufungua nyufa kwenye ngozi ya oksidi, na kifaa chenye betri hakina kazi karibu na bakuli la maji. Rudia kuchoma na kusugua mara mbili au tatu, mpaka bonyezo la mwisho lisitoe moshi wala harufu.

Sasa angalia mwangaza. Koili nzuri huanza kuwaka katikati na kuenea pande zote kwa usawa. Ukiona mzunguko mmoja unawaka peke yake kabla ya mingine, hapo mizunguko haigusani sawasawa. Kifaa kikiwa hakiwashwi, kwaruza juu ya koili kwa kibano cha kauri, kisha bana mizunguko ikiwa bado na joto. Kibano cha chuma kikigusa koili wakati umeme unapita kinafanya shoti, kwa hiyo kiweke mbali kabisa.

Mwenye mashine ndogo ya kusafishia kwa mtetemo, ile ya wauza miwani na sonara, anaweza kuruka sehemu kubwa ya kazi hii. Maji ya moto, tone la sabuni ya vyombo, dakika tano hadi kumi, kisha kusuuza. Kwa nyaya zilizosokotwa zenye waya mwembamba uliozungushiwa juu ya mwingine, njia hii ni bora kuliko brashi, kwa sababu ukoko hujificha kwenye mifereji ambayo brashi haifiki, na ule waya wa juu ni mwembamba kiasi cha kukatika kwa kuchomwa mara chache. Vipande vya wavu wa chuma, ambavyo koili nyingine hutumia badala ya waya, navyo ni vyembamba kama karatasi. Vioshe, usivichome zaidi ya bonyezo moja au mawili ya chini.

Je, kuchoma kavu kunaongeza chuma kwenye mvuke? Wapo watafiti wanaoshauri kutochoma kabisa kwa hofu hiyo, na hofu yao ina msingi: ngozi ya oksidi ikivurugwa, chembe zake huweza kubanduka. Lakini waya mpya nao si msafi kwa maana hiyo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins uliochapishwa 2018, uliopima vifaa vya watumiaji 56, ulikuta kromi, nikeli na risasi nyingi zaidi kwenye mvuke kuliko kwenye juisi iliyokuwa chupani, na ukaona kwamba metali zilielekea kuwa juu zaidi kwa waliobadilisha koili mara nyingi. Njia salama zaidi ni kutovuta kabisa. Kwa anayevuta, njia ya busara ni kuosha kwa alkoholi na brashi kwanza, kuchoma kidogo kabisa, na kamwe kutoacha waya ukawa wa chungwa.

Pamba mpya na vipimo

Tumia pamba isiyotiwa klorini, iliyotengenezwa kwa kazi hii au ile ya vipodozi isiyo na manukato. Kwa koili yenye kipenyo cha ndani cha milimita 3, kata ukanda ambao ukiusokota ncha unapita kwa kukaza kidogo. Kipimo ni hiki: ukivuta pamba upande mmoja, koili itikisike kidogo lakini isisogee. Ikipita bila kugusa, itaungua kwa kukosa kushikana na waya. Ikikwama, juisi haitapita na itaungua vilevile. Kata mikia kwa mshazari, chambua ncha zake ziwe nyepesi, zilaze zifunike matundu ya juisi bila kushindiliwa. Mikia mizito kwenye tangi ndiyo sababu ya kawaida zaidi ya ladha ya kuungua kwenye koili iliyosafishwa vizuri, na watu huishia kuulaumu waya.

Kabla ya kutia juisi, kaza skrubu. Kupata moto na kupoa huzilegeza, na skrubu iliyolegea hubadilisha omu, yaani kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme. Pima omu koili ikiwa imepoa kabisa, hasa ya chuma cha pua ambayo omu zake hupanda na joto. Mfano wa hesabu: waya wa Kanthal wa milimita 0.4 una takriban omu 11 kwa mita. Mizunguko sita kwenye kipenyo cha milimita 3 pamoja na miguu ni kama milimita 74 za waya, yaani omu 0.8 hivi. Kwa betri iliyojaa volti 4.2 hiyo huvuta ampea 5 na kutoa wati 22, kazi nyepesi. Koili ya omu 0.2 kwa betri hiyohiyo isiyo na saketi ya kudhibiti huvuta ampea 21, zaidi ya uwezo wa betri nyingi za 18650 (zile ndefu za duara zinazotumika kwenye vepu) zilizopimwa kwa ampea 20. Koili iliyosafishwa ikasoma omu pungufu kwa zaidi ya sehemu ya kumi kuliko ilivyokuwa, kuna mahali mguu wa waya unagusa chuma usichopaswa kugusa. Usiwashe, fungua utafute.

Waya umekwisha pale miguu yake inapokuwa na vidoa vilivyochimbika, mizunguko inapobaki kuwaka bila usawa hata baada ya kurekebishwa, au omu zinaporuka kila unapopima. Waya mmoja mnene wa Kanthal unaweza kubadilishiwa pamba mara nyingi kabla ya kufika hapo. Nyaya zilizosokotwa hufika mapema.

Vaa glavu katika kazi yote. Nikotini hupita kwenye ngozi, na alkoholi uliyoloweshea koili sasa ina nikotini ndani yake. Usiiache kwenye gilasi mezani mahali mtoto anaweza kufikia, na usiwashe kifaa wala kiberiti karibu nayo mpaka mivuke yake iwe imetoka chumbani. Maji ya kusuuzia yamwage na maji mengi. Pamba iliyotumika, ambayo bado imeshika nikotini, ifunge kwenye mfuko kabla ya kuitupa ili kuku na mbwa wasiifikie.